Kipande cha Ngozi na Safari Yake: Historia ya Uchukuaji wa Sampuli za Kuvu nchini Kongo

Saio ni mojawapo ya mitaa ya mji wa Bunia, mkoani Ituri. Jina lake ni lilelile la Saio ya Uhabeshi, mahali ambapo Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya jeshi la Kongo ya Kibelgiji mwezi Julai 1941, na ambalo baadaye liliwekwa katika kambi na barabara kadhaa za Kongo. Majina huhama. Katika historia ya tiba nchini humo yalihama pia, ila kwa njia nyingine: vipande vya miili ya wagonjwa vilipelekwa maabara, na viini vilivyooteshwa kutokana navyo vikapewa majina ya madaktari waliotoka Ulaya. Historia hiyo inaonekana waziwazi zaidi katika magonjwa ya kuvu, kwa sababu hakuna uwanja mwingine wa tiba ambamo matokeo ya maabara hutegemea kwa kiasi hicho jinsi sampuli ilivyochukuliwa, ilivyofungwa na ilivyosafirishwa.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya msamiati. Kiswahili kina kuvu na ukungu kwa jamii nzima ya viumbe hivi, choa kwa ugonjwa wa ngozi wenye umbo la duara, na mapunye kwa ule unaoshika kichwa cha mtoto. Lakini kitendo chenyewe cha kuchukua sampuli hakina neno moja lililokubaliwa kila mahali. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki mgonjwa husema kwamba "wamemtosha damu", yaani wamemtoa damu. Msikilizaji wa pwani, ambaye kwake kutosha ni kuwa kwa kiasi kinachohitajika, angeweza kudhani kwamba damu imekwisha kufika kipimo. Utani huo una ukweli ndani yake. Katika uchunguzi wa kuvu, sampuli nyingi hushindwa kwa sababu kilichotoshwa hakikutosha.

Msingi wa ufundi huu uliwekwa mbali na Afrika. Katika miaka ya 1840 David Gruby, akifanya kazi mjini Paris, alionyesha chini ya hadubini kwamba mapunye husababishwa na kuvu inayoishi katika nywele na ngozi. Nusu karne baadaye Raymond Sabouraud, katika hospitali ya Saint-Louis mjini humo, alitafuta chakula kimoja cha kuoteshea ambacho kila maabara ingeweza kukitengeneza kwa namna ileile, ili kuvu iliyooteshwa mahali pamoja iweze kulinganishwa na iliyooteshwa kwingine. Kitabu chake kikubwa juu ya mapunye kilitoka mwaka 1910. Chakula hicho, cha peptoni na sukari, chenye uchachu unaowazuia bakteria wengi, bado hubeba jina lake.

Kanuni za kuchukua sampuli za ngozi zilizotokana na kazi hiyo zinaonekana nyepesi mno hata zikadharauliwa. Mgonjwa asiwe amepaka dawa kwa siku kadhaa. Ngozi husafishwa kwa alkoholi ya asilimia 70, kisha hukwanguliwa ukingo wa choa, wala si katikati, kwa maana kuvu husonga nje na kuacha nyuma yake ngozi inayopona. Unywele hung'olewa pamoja na shina lake. Ukikatwa kwa mkasi, sehemu yenye kuvu hubaki kichwani. Mwaka 1963 D. W. R. Mackenzie alipendekeza njia nyepesi zaidi kwa watoto wengi wa shule kwa pamoja: brashi safi hupitishwa kichwani na kukandamizwa moja kwa moja juu ya chakula cha kuoteshea.

Makwanguo hufungwa katika karatasi, na hapa ndipo mhudumu aliyezoea magonjwa mengine hukosea. Amefundishwa kwamba sampuli hutiwa katika chupa iliyozibwa, yenye unyevu, na ipelekwe haraka. Kwa kuvu za ngozi mambo ni kinyume. Chupa iliyozibwa hushika unyevu, bakteria na ukungu wa hewani wakastawi, na kile kinachotafutwa kikafunikwa. Katika karatasi kavu kuvu hizo zaweza kudumu hai kwa wiki nyingi, pengine miezi. Kwa nchi yenye barabara mbovu hii ni neema kubwa: bahasha ndogo yaweza kungoja gari.

Neema hiyo haihusu magonjwa ya kuvu yanayoingia ndani ya mwili, na ndiyo yaliyoipa Kongo nafasi yake katika vitabu. Mwaka 1952 A. Dubois, P. G. Janssens, P. Brutsaert na R. Vanbreuseghem walichapisha, katika jarida la chama cha Wabelgiji cha tiba ya nchi za joto, maelezo ya kisa kimoja cha histoplasmosi ya Kiafrika. Kuvu yake Vanbreuseghem aliiita Histoplasma duboisii, kwa heshima ya mwenzake. Albert Dubois hakuwa mgeni wa kaskazini-mashariki ya Kongo: mwaka 1932 alikuwa amechapisha uchunguzi juu ya ukoma katika eneo la Wamba na Pawa, jirani ya Ituri. Mgonjwa aliyetoa tishu hiyo alibaki kuwa "kisa".

Ugumu wa ugonjwa huo ni kwamba maabara peke yake haiwezi kuutambua. Katika tishu ya mgonjwa, kuvu hiyo huonekana kama chachu kubwa zenye ukuta mnene, za mikromita 8 hadi 15, ilhali zile za histoplasmosi ya kawaida ni za mikromita 2 hadi 4 tu. Ikisha kuoteshwa katika joto la kawaida, aina zote mbili huwa ukungu wenye sura moja, wala jicho haliwezi kuzitenga. Ndiyo maana duboisii ilishushwa baadaye kuwa aina ndogo ya Histoplasma capsulatum, na mjadala juu ya hadhi yake haujafungwa.

Kwa hiyo kipande cha tishu ni lazima kigawanywe papo hapo, kando ya kitanda. Nusu huwekwa katika formalini kwa ajili ya hadubini. Nusu nyingine katika maji safi ya chumvi kwa ajili ya kuoteshwa. Formalini huhifadhi umbo na kuua uhai. Mhudumu anayetia kipande chote katika formalini, kama alivyozoea kufanya kwa uvimbe mwingine wowote, amekwisha kuamua kwamba hakuna kitakachoota, hata kama maabara bora kuliko zote inakingoja. Uamuzi huo huchukua sekunde chache, na hakuna awezaye kuutengua. Mgonjwa naye ana vidonda vya ngozi, tezi zilizovimba, labda mfupa ulioliwa. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, ataanzishiwa dawa za kifua kikuu zisizomfaa, na miezi itapita.

Hili si jambo la kubuni. Kati ya Julai 2011 na Januari 2014, huko Kimpese, magharibi ya Kongo, walitambuliwa wagonjwa 36 wa histoplasmosi hiyo, wote wasio na virusi vya UKIMWI. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2018, inaeleza kwamba uthibitisho ulitokana na uchunguzi wa tishu na wa chembe za urithi. Uoteshaji haukuwa nguzo yake, wala hapana wa kulaumiwa: Histoplasma huhitaji wiki kadhaa hadi kuota, na mbegu zake zikivutwa pamoja na hewa humwambukiza mfanyakazi, hivi kwamba maabara isiyo na kinga za hali ya juu hufanya vema kutoijaribu.

Kisa cha pili kilianzia Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1960. Mtoto wa kiume wa miaka 7 aliugua homa ya uti wa mgongo, na katika maji ya uti wake ikapatikana chachu ya Cryptococcus yenye umbo lisilo la kawaida. Gatti na Eeckels waliueleza ugonjwa na chachu hiyo mwaka 1970. Mwaka huohuo Vanbreuseghem na Takashio wakaipa jina la gattii. Wakati huo ilihesabiwa kuwa aina ndogo tu. Mwaka 2002 ilipandishwa kuwa spishi kamili. Chachu iliyotoka katika mwili wa mtoto huyo iliandikwa kwa nambari RV 20186, na vizazi vyake vimeendelea kuishi katika hazina za maabara. Miaka thelathini na zaidi baada ya kuchukuliwa, watu walipougua kwa gattii katika kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, jina la kuuitia ugonjwa wao lilikuwa tayari.

Ituri yenyewe haikuwa nje ya historia ya sampuli, ingawa yake ilikuwa ya bakteria. Tauni ya eneo la Ziwa Albert ndiyo iliyomshughulisha R. Devignat, ambaye mwaka 1951 aligawa viini vya tauni duniani katika aina tatu, mgawanyo uliotumika kwa miongo mingi. Kisha ikaja Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyopatwa na watu 3,470 katika Kivu na Ituri na kuua 2,287. Katika miaka hiyo mtu aliyevaa glavu na kushika kijiti cha sampuli alikuwa, machoni pa familia nyingi, mtangulizi wa karantini na mazishi. Yeyote aombaye leo makwanguo ya ngozi au maji ya uti wa mgongo huingia katika nyumba zenye kumbukumbu hiyo.

Na kutoka Saio hadi Kinshasa, iliko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba iliyoanzishwa mwaka 1984, ni takriban kilomita 1,800 kwa mstari wa ndege. Bahasha ya makwanguo huweza kuvumilia safari hiyo. Maji ya uti wa mgongo hayavumilii vivyo hivyo, na mgonjwa mwenyewe hawezi kungoja majibu yake.

Kwa sababu hiyo kipimo cha haraka cha antijeni ya Cryptococcus, kinachosomwa kwa dakika kama 10 tu, kimekuwa msaada usio na kifani kwa hospitali za mbali. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu, 19 kwa jumla: Cryptococcus neoformans imo katika daraja la juu kabisa, Histoplasma katika la pili, na gattii katika la tatu. Lakini kipimo cha haraka hujibu ndiyo au siyo. Hakisemi ni neoformans au gattii. Kuzitenganisha kwa njia iliyo nafuu kunahitaji chakula maalumu chenye kanavanini na glisini, ambacho gattii hukigeuza kuwa buluu na neoformans kwa kawaida hukiacha na rangi yake ya manjano. Buluu hiyo haitokei kwa antijeni wala kwa tishu iliyokaa katika formalini. Huhitaji chachu iliyo hai, iliyochukuliwa katika matone machache ya maji ya uti wa mgongo kabla ya dozi ya kwanza ya dawa.