Fidia si kifuta machozi

Fundi seremala amekatwa vidole na msumeno, bosi anamtumia bahasha: "Fidia yako hiyo." Hicho ni kifuta machozi, na kiasi chake hupangwa na huruma ya mtoaji. Serikali ya Tanzania nayo huwapa kifuta machozi waliojeruhiwa na tembo, haiiti fidia. Kwa makusudi, nadhani. Fidia hudaiwa. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa fundi haukatwi hata senti. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30, malipo ya mkupuo, ukizidi hapo, pensheni ya kila mwezi. Taarifa ya ajali itolewe mapema.