Mtwarwa wa Ihangiro

Twende Rubya, katika nchi ya Ihangiro, magharibi ya Ziwa Victoria. Zamani huko Buhaya, Mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa mtu wake shamba kubwa liitwalo nyarubanja. Waliokuwamo, hata kama migomba ilipandwa na babu zao, wakawa watwarwa, wakimtolea bwana mpya mikungu ya ndizi na kazi za mikono. Mtu alilala mwenye shamba, akaamka mtwarwa. Je, mtoto aliyezaliwa humo angejionaje?

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya 1965 ikawafungulia watwarwa njia ya kumiliki ardhi yao. Watu walikuwa wale wale. Basi unyonge ule haukuwa damuni mwao, walivishwa.

Nasi wa pwani tusiwacheke. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922; lakini hata leo posa ya kijana mwema huweza kurudishwa kwa mnong'ono juu ya babu yake. Sura ya Al-Hujurat yatufunza kuwa mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi. Mtoto wako husikia kipimo gani nyumbani mwako?