Darasa la Redio

Mjukuu wangu anafundisha Kiingereza kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake ni wazee wa Kikongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuhamia Marekani. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Shikamoo babu. Bibi mmoja wa miaka 68 amezima kamera, hataki tena kusoma. Nifanyeje?" Nikamwuliza alikuwa amemsahihisha vipi, na mbele ya nani. Akanyamaza.

Jambo lenyewe si dogo. Sheria ya Marekani humsamehe Kiingereza mwombaji wa uraia mwenye miaka 50 aliyekuwa mkazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye miaka 55 na ukaazi wa miaka 15. Aliyefika juzi akiwa na umri wa bibi yule, akingoja msamaha huo atakuwa amepita miaka 80.

Nami niliwahi kuwa na darasa la aina hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; katika sensa ya 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana hapa Lukuledi, nikakabidhiwa kikundi cha "Mtu ni Afya". Wasomaji wa umri wangu watakumbuka: mara moja kwa wiki, kwa majuma 12, tulikusanyika chini ya mwembe kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, watu wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Sisi redio yetu ilikuwa moja, na betri zikichoka tulizianika juani. Mwalimu wa Dar es Salaam hakuweza kutuona wala kutusikia, na leo nadhani hilo lilikuwa na faida yake: hakuna aliyeaibishwa naye.

Aliyeaibisha nilikuwa mimi. Jioni nilifundisha kisomo kikundi kilekile. Baadhi ya wanafunzi walikuwa Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Ruvuma baada ya vita kuanza Septemba 1964. Mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja kila jioni na daftari lake amelifunga kwenye kitambaa. Siku hiyo nilimsimamisha asome ubaoni neno "redio". Akasema "ledio". Lugha yake haina r, na nililijua hilo, kwa kuwa majirani zangu wote walisema hivyohivyo. Lakini nilikuwa nimetoka chuoni karibuni. Nikamrudishia neno lake kwa sauti ya kuiga, mara mbili. Darasa likacheka. Mzee akakaa, akafunga daftari, na baada ya hapo sikumwona tena darasani.

Ningeweza kwenda kwake. Palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilijiambia kwamba utu uzima unampa mtu hiari.

Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na wengi wakaanza kurudi kwao. Yeye aliondoka miongoni mwa wa mwanzo. Agosti mwaka huohuo ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo, na wasiojua kusoma wakahesabiwa kuwa wameshuka hadi asilimia 39. Niliipokea hesabu hiyo kwa fahari. Baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwasomea wanachuo takwimu hizo kila mwaka. Habari za mzee yule sikuwaambia hata mara moja.

Nilimweleza mjukuu wangu. Akauliza mzee aliitwa nani. Nikatafuta kichwani, nisilipate. Kijijini walikuwa wakimwita Mzee Ledio, tangu jioni ile.

Kesho yake alimpigia bibi simu, bila kamera, wakazungumza Kiswahili kitupu.