Risasi Ilikuwa Ngumu Kuliko Bunduki

Ukishuka kutoka Nkubu kwenda Mitunguu, mashamba ya kahawa yanakuacha kidogo kidogo, na ukifika sokoni kwenye malori ya ndizi joto la Tharaka limeshakupokea. Magharibi uko Mlima Kenya na misitu yake. Mashariki nchi inateremka kuelekea Mto Tana. Kwenye mteremko huu zimepita silaha za zama tofauti: upinde wa Mtharaka, raifo ya mwindaji wa Kizungu, bunduki ya bomba ya mpiganaji wa Mau Mau. Mara nyingi tunasimulia habari za silaha zenyewe. Mimi naona kisa kiko kwenye chakula chake, yaani nani aliweza kuijaza tena baada ya kufyatua.

Mpiga upinde hakumtegemea mtu wa mbali. Mti aliukata mwenyewe, ncha ya chuma aliitoa kwa mhunzi wa jirani, unyoya ulitoka kwa ndege, sumu ilichemshwa nyumbani. Mshale uliokosa shabaha uliokotwa, ukanyooshwa, ukarudi podoni. Hata gobori la enzi za misafara lilikuwa na uhuru wa namna hiyo, kwa kuwa lilikula baruti ya kawaida na kipande chochote cha risasi kilichopita mtutuni. Mataifa ya Ulaya yalilijua hilo vizuri. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliziba njia ya bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa magobori ya gumegume na baruti ya kawaida.

Kisha akaja Arthur Neumann, mwindaji wa tembo aliyefika nchi za Tharaka na milima ya Nyambene katika safari zake za miaka ya 1893 hadi 1896. Alibeba, miongoni mwa bunduki nyingine, Lee-Metford ya .303, silaha ya kisasa kabisa kwa wakati ule. Kaskazini, pande za Ziwa Turkana, tembo jike alimjia, akavuta kifyatulio, ikalia tupu. Kizibo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kilikuwa kimeteleza juu ya risasi bila kuisukuma ndani ya chemba. Tembo alimjeruhi vibaya sana, na alilala mgonjwa kwa miezi kabla ya kurudi pwani.

Risasi ya namna hiyo ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya manjano linaloshikilia zote. Kwenye kitako chake kuna fataki, kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Ndani kuna baruti, na mdomoni kuna kichwa kinachoruka. Katika hizo nne, fataki na baruti huungua na kichwa huenda zake. Ganda hubaki, na ndilo ghali zaidi kulitengeneza. Hapo ndipo wazo la kujaza upya lilipoanzia.

Mmarekani John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884, akauza chombo mfano wa koleo ambacho mwindaji alikitia mkobani na kujaza risasi zake kando ya moto. Mwaka 1943, katikati ya uhaba wa vita, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vifaa ambavyo baadaye vilijulikana kwa jina la RCBS. Mwaka 1958 Richard Lee alileta kijisanduku cha bei ndogo kilichofanya kazi kwa nyundo tu. Mpaka leo meza ya anayeanza haijabadilika sana. Pana presi ya mkono iliyofungwa imara kwenye meza. Pana dai, yaani kalibu za chuma, zinazolingana na aina ya risasi, kwa sababu risasi ikifyatuliwa ganda hupanuka na kubana kuta za chemba, na haliingii vyema tena mpaka libanwe kurudi umbo lake. Ganda lazima lipakwe mafuta maalumu kwanza, la sivyo hukwama ndani ya dai, na kulitoa ni shughuli ya alasiri nzima. Pana venia ya kupima urefu na kikatio cha kupunguza ganda lililorefuka, kifaa cha kupachika fataki, faneli, na ubao wenye matundu wa kusimamisha maganda.

Wauzaji hupenda kumwonyesha mgeni presi kwanza, maana ndiyo kubwa na inang'aa. Mimi ningemwonyesha mizani na kitabu cha vipimo. Baruti hupimwa kwa greini, na greini moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Ganda lililojazwa mara mbili kwa kusahau linaweza kupasua bunduki usoni mwa mwenyewe. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti hueleza kiasi cha kuanzia na kiasi cha mwisho kwa kila aina ya kichwa, na mwenye busara huanzia chini.

Sasa turudi mlimani. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na katika misitu ya Meru, Embu na Nyeri mafundi wa Mau Mau wakaanza kuunda bunduki. Mtutu ulikuwa bomba la maji, komeo la mlango likawa kizibo, na mpira wa tyubu ukawa springi. Nyingi zilipiga mara moja moja, na baadhi zilimdhuru aliyeshika kuliko aliyelengwa. Hata hivyo zilikuwa bunduki, na zilitengenezwa na watu wenye tupa na uvumilivu. Risasi ya .303 haikutengenezeka hivyo.

Tatizo lilikuwa kwenye kitako cha ganda. Mwaka 1866 watu wawili walibuni namna mbili za kuweka fataki. Hiram Berdan, Mmarekani, aliacha matundu mawili madogo pembeni. Edward Boxer, ofisa wa Kiingereza, aliacha tundu moja katikati. Kwa kinyume cha ajabu, Wamarekani wakafuata ya Mwingereza, na jeshi la Uingereza likafuata ya Mmarekani. Sindano ya dai husukuma fataki kuukuu kwa urahisi kupitia tundu la katikati. Kwenye ganda la Berdan haina pa kupita. Zaidi ya hayo, risasi nyingi za .303 zilijazwa kodaiti, baruti ya nyuzi ndefu zilizopangwa ndani kabla shingo ya ganda haijabanwa kiwandani. Fundi wa msituni aliyeokota ganda la askari alikuwa ameokota shaba tu.

Kwa hiyo risasi zililazimika kutoka kwa adui. Ziliibwa ghalani, zilinunuliwa kwa askari, zilibebwa na wanawake kutoka Nairobi, moja moja au kiganja kimoja. Uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha, tarehe 26 Machi 1953, unakumbukwa kwa wafungwa waliofunguliwa, lakini ghala la silaha lilikuwa na uzito uleule. Tarehe 15 Januari 1954 alikamatwa Waruhiu Itote, Jenerali China, kamanda wa Mlima Kenya aliyejifunza vita Burma akiwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza, iliisomba Nairobi, na mkondo wa risasi kuelekea mlimani ukanyauka. Waliobaki Meru, kina Baimungi na Musa Mwariama, walidumu msituni mpaka uhuru wa Desemba 1963.

Wakoloni waliielewa hesabu hiyo. Kupatikana na risasi pasipo ruhusa kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Kati ya watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau, wale wa silaha na risasi walikuwa wengi kuliko wale wa mauaji. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, hakushtakiwa Nyeri kwa kumuua mtu. Alishtakiwa kuwa na bastola ya .38, na katika shtaka la pili, risasi sita. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilianza kutumika tarehe 1 Juni 1954, vita vikiendelea, na ndiyo tuliyonayo, japo imerekebishwa mara nyingi. Cheti cha mwenye bunduki hutaja pia idadi ya risasi anazoruhusiwa. Mwezi Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa michezo, na wateja wakubwa wa risasi za raifo wakatoweka. Afrika Kusini, ambako wawindaji ni wengi na kujaza upya ni jambo la kawaida, sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni ya kawaida risasi 200 kwa kila bunduki, na imezitaja fataki peke yake: 2,400. Kenya risasi zake hutengenezwa Eldoret, katika kiwanda cha shirika la serikali lililoundwa mwaka 1997. Mkazi wa Mitunguu mwenye cheti anayetamani presi na dai lake aanzie kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, kabla hajanunua hata faneli.