Kifafa si ulozi: namna wataalamu walivyoufikia ubongo

Mtoto anapoanguka kwa kifafa katika kambi ya wahami, iwe Beni au Butembo, wapo wanaotaja ulozi kabla ya kutaja ugonjwa. Historia inaonyesha kwamba chanzo kiko ndani ya ubongo.

Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger aliunganisha waya na kichwa cha mtu, akanasa umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo. Kwa njia hiyo wataalamu walikuja kuona kwamba mtu anaposhikwa na kifafa, umeme huo huvurugika.

Afrika Mashariki kazi ilianza bila mashine. Karibu na mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta Mahenge, Tanganyika, wagonjwa wa kifafa waliotengwa na watu. Aliwasikiliza wazazi, akaandika waliyoyaona, akawapa wagonjwa vidonge. Baadhi ya watoto walikuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara, kama wanaosinzia.

Mwaka 2009 watoto wenye dalili kama hiyo walipimwa umeme wa ubongo huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Ikaonekana kwamba kule kuinamisha kichwa ni kifafa.

Pasipo mashine, njia ya Mahenge ingali na nguvu: daktari humuuliza aliyeona. Mzazi aeleze mtoto alianza vipi, upande gani ulikaza, ilichukua dakika ngapi. Povu la mdomoni haliambukizi kifafa. Na familia inayokimbia vita isisahau vidonge, maana kuviacha ghafla huweza kurudisha kifafa kwa ukali.