Neno Ukutani: Bango la Dubonnet la Mwaka 1932

Waandishi wengi wa mambo ya matangazo ya biashara huanza na picha, na neno wakalihesabu kuwa nyongeza tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mojawapo ya mabango mashuhuri ya karne ya 20 mambo yalikuwa kinyume: neno ndilo lililotangulia, na picha ikalifuata. Bango hilo lilibuniwa Ufaransa mwaka 1932 na Adolphe Jean-Marie Mouron, mzaliwa wa Kharkiv (1901), aliyejulikana zaidi kwa jina la A. M. Cassandre. Bidhaa iliyotangazwa ilikuwa Dubonnet, mvinyo uliotiwa kwinini, uliokuwapo tangu 1846.

Kuta za Paris zilikuwa zimekwisha kuzoea mabango. Tangu miaka ya 1860 Jules Chéret alichapa picha za rangi kwa mawe ya litografia, na sheria ya tarehe 29 Julai 1881 ilipopanua uhuru wa uchapaji, ubandikaji wa matangazo nao ulipata nafasi. Lakini bango la Chéret lilimtazamia mtu aendaye kwa miguu, mwenye wasaa wa kusimama. Cassandre alimkuta mtazamaji yumo garini. Mwaka 1925, alipolitangaza gazeti la L'Intransigeant, alithubutu kulikata jina lake likabaki L'INTRANS, kama watu wa Paris walivyozoea kuliita. Msemo wa mitaani ulipewa kipaumbele mbele ya jina rasmi.

Katika bango la Dubonnet mna picha tatu za mtu mmoja aliyevaa kofia, ameketi mezani. Katika ya kwanza anaitazama bilauri, na rangi imeingia sehemu ya mwili wake tu. Neno linalosomeka ni DUBO. Katika ya pili anakunywa, rangi imeenea zaidi, na neno ni DUBON. Katika ya tatu amejaa rangi tele, anajimiminia tena, na jina limetimia: DUBONNET.

Hapa ndipo mwanaisimu apaswapo kutua. Sikio la Mfaransa husikia katika DUBO maneno mawili, du beau, yaani kitu kizuri, ijapokuwa tahajia ni nyingine kabisa. Katika DUBON husikia du bon, kitu chema. Herufi n iliyoongezwa haitamkwi kama konsonanti; kazi yake ni kuipeleka irabu puani. Kisha katika DUBONNET sauti ya n inarudi kamili na kuanzisha silabi mpya. Isitoshe, mkazo wa Kifaransa huangukia mwishoni, hata kila hatua ikawa na kilele chake. Mnywaji anajaa rangi, na neno linajaa sauti. Cassandre mwenyewe alishikilia kwamba picha ijengwe juu ya maneno, wala si maneno kupachikwa juu ya picha. Akamlinganisha mtengenezaji wa mabango na karani wa simu za upepo, ambaye hatungi habari bali huifikisha. Mfano huo naona una unyenyekevu kupita kiasi, kwani katika bango hili namna ya kufikisha ndiyo habari yenyewe.

Je, bango hilo laweza kufasiriwa kwa Kiswahili? Haliwezi, na sababu zimo katika fonolojia. Mkazo wetu huiandama silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiongeza silabi moja kwenye kata, chombo cha kutekea maji, tukapata katani ya mkonge, mkazo unahama kutoka ka kwenda ta. Sikio linapokea neno jingine, ingawa jicho bado linaliona la kwanza. Tena, tahajia yetu huandika kile kinachotamkwa, hivyo ujanja wa DUBO hauna pa kujificha. Badala yake tunazo homonimu: neno paa, kwa mfano, ni la nyumba, ni mnyama, tena ni kitenzi, na picha moja yatosha kuchagua maana au kuziacha zote zigombane. Jina la kanga nalo limekuwa likifanya kazi ya namna hii kwa muda mrefu, kwa maneno machache yanayosomwa nguoni mwa mtu anayekwenda zake. Mfasiri anayeletewa tangazo la Kiingereza na kuagizwa alitie katika Kiswahili hupewa mwili uliokwisha kushonewa nguo nyingine. Afadhali aitwe kabla picha haijachorwa.

Haifai kusahau kilichokuwa kikiuzwa. Mtu yule anapata rangi, yaani uhai, kwa kunywa pombe, tena hakomi kwa bilauri moja. Ufaransa ilipitisha mwaka 1991 sheria iitwayo Évin, iliyobana matangazo ya vileo na kuyaelekeza kwenye maelezo ya kinywaji chenyewe, kama vile asili yake na kiasi cha kileo kilichomo. Cassandre hakuishi kuiona. Alijiua mjini Paris mwaka 1968, miaka mingi baada ya kuyaacha mabango na kugeukia mapambo ya jukwaa la tamthilia.