Ngurumo ya Södertälje: V8 ya Scania

Dereva mkongwe hulitambua lori la Scania lenye injini ya V8 kwa sauti, kabla halijatokeza kwenye kona. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja huvuma kwa mapigo yaliyolingana. V8 ina silinda nne kila upande, na katika zamu zake za kuwaka zipo nyakati ambapo mbili za upande mmoja hufuatana. Hapo ndipo ekzosi inaponguruma.

Lakini mafundi wa Scania huko Södertälje, Sweden, hawakuanza na sauti. Shida yao ilikuwa nafasi. Miaka ya 1960 mizigo ya Ulaya ilizidi kuwa mizito, huku sheria za urefu wa magari zikifanya kabini ipandishwe juu ya injini badala ya kukaa nyuma yake. Injini ya lita 14 yenye silinda sita ingekuwa ndefu mno kuingia humo. Mhandisi Bengt Gadefelt na wenzake wakazipanga silinda nane kwa umbo la V, pande zikiachana kwa nyuzi 90. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 127, kile kile cha injini yao ya lita 11.

Ninachokiheshimu zaidi ni uamuzi wao wa pili. Nguvu zinaweza kupatikana kwa injini ndogo inayozungushwa kwa kasi. Wao walichagua injini kubwa yenye turbo, inayofanya kazi bila kukimbizwa, kwa sababu injini ya namna hiyo hailiki upesi na haimlazimishi dereva kubadili gia kila kilima. Tena kila silinda ilipewa hedi yake: gasketi ikiungua, fundi hufungua hedi moja na kuziacha saba zilivyo. Huko ni kumfikiria mtu aliyeharibikiwa njiani na mzigo wa watu.

Lori la kwanza lenye injini hiyo, LB140, lilitoka mwaka 1969, mwaka ule ule kampuni ilipoungana na Saab. Lilikuwa na nguvu za farasi 350, na hakuna lori lingine la Ulaya lililolifikia. Mwaka 1976 ikafuata modeli ya 141 yenye 375, kisha, mwaka 1987, ile ya 143 yenye 470.

Mwaka 2000 V8 ilikua hadi lita 16. Pistoni ilirefushiwa mwendo kutoka milimita 140 hadi 154. Kipenyo kilibaki 127.